Baba na kimbi cha kushoto

Baba alipopata kiharusi, kila aliyekuja kumjulia hali aliuliza habari za mguu na mkono. Mguu ulirudi mapema kuliko tulivyotegemea. Kilichotutoa jasho ni kwamba upande wa kushoto ulimpotea.

Macho yalipimwa, mazima. Mshipa uliziba kwenye ubongo wa kulia, basi akili yake ikaacha kushughulika na kushoto. Anakula wali nusu sahani, ile ya kulia, kisha anamlalamikia mama: "Leo mbona umenipunja?" Ukimgeuzia sahani anaendelea kula. Ananyoa shavu moja. Aliambiwa achore saa, namba zote 12 akazirundika kulia. Na ukimuuliza, yeye ni mzima kabisa! Baba mdogo akaona ni ukaidi wa uzee, shangazi akahisi mkono wa mtu.

Dada wa mazoezi, aliyesomea hospitali ya KCMC kule Moshi, alitushauri tutumie utepe mwekundu. Tuubandike ukingo wa kushoto wa sahani, wa meza, hata wa msahafu, maana huko ndiko mstari wa Kiarabu unakoishia na baba alikuwa akiukatisha njiani. Autafute kwanza utepe, kwa kugeuza shingo. Dakika chache, apumzike. Akichoka, kushoto kunatoweka tena.

Kijana wangu alimwekea babu yake michezo ya umakini kwenye simu. Alama zilipanda vizuri tu, ila nusu ya wali ikabaki palepale.

Nikatoa bao uvunguni. Mashimo 32, kete 64, na baba ni mtu wa baraza za Ngamiani, Tanga, tangu ujana. Mwanzoni kete zangu zilikaa mbele ya kimbi chake cha kushoto, yaani mashimo mawili ya mwisho ya safu ya mbele upande huo. Za kuliwa kabisa, anazipita. Nikabandika utepe kwenye kichwa, shimo la mwisho kabisa la upande huo: haruhusiwi kushika kete kabla hajaugusa. Kufungwa na binti yake hakukubali, na hasira ile ilimgeuza shingo kuliko karatasi zote za mazoezi. Siku hizi anakula kwa kimbi hicho na kunicheka juu.

Sahani nayo inamalizika, akikumbushwa mara moja moja. Barabarani bado hatumwachi peke yake. Gari la kwanza hutokea kulia, analiona vizuri. Akishafika katikati, magari ya upande wa pili yanatokea kushoto.