Siri haisemwi kwa kelele

Sita na tisa kwa masikio yangu ni namba moja. Sitini na tisini, hivyo hivyo. Ukiwa unauza mchele kwa simu, kama ninavyouza mimi hapa Ifakara, hiyo si shida ndogo. Mteja yuko Dar es Salaam anataja magunia anayotaka, mimi napata "i" na "a" tu, zile s na t zimepotelea njiani. Nikawa na jibu langu la siku zote: "Nitumie kwa meseji bosi wangu, nisije nikasahau." Wateja wakanisifu kwamba mama huyu biashara yake ni ya maandishi.

Mashine ya kukoboa mpunga niliikuta kwa marehemu mume wangu. Wakati huo ilikuwa ya injini ya dizeli, na mlio wake ulifika hadi barabara kubwa. Baadaye tukaweka mota ya umeme, tukadhani tumepumzika na kelele. Tulipumzika na moshi tu. Kelele nyingi haitoki kwenye mota, inatoka kwenye mpunga wenyewe unavyosagwa na chuma, kwenye chekeche linalotenga chenga, kwenye feni inayopuliza pumba nje. Msimu wa mavuno mashine inawashwa alfajiri na kuzimwa usiku, na mimi kiti changu kilikuwa karibu kabisa na hopa, maana hapo ndipo unapoona mpunga wa mtu ukiingia na mchele wake ukitoka. Ukikaa mbali unaibiwa, au mteja anahisi ameibiwa. Yote mawili yanaua biashara.

Masikio hayakuniuma hata siku moja. Kulikuwa na mlio mwembamba tu wakati wa kulala, asubuhi umeondoka. Miaka ikaenda, ukawa hauondoki.

Mtu wa nje akisikia "hasikii vizuri" anafikiri dunia imekuwa kimya. Kwangu haikuwa hivyo. Nilisikia pikipiki, nilisikia jogoo, nilisikia adhana. Nilijua mtu anaongea na nilijua ni nani. Nisichopata ni maneno. Watoto wa jirani wakinipa shikamoo kwa nyuma sijibu marahaba, ikasemwa mama huyu siku hizi ana maringo. Umeme ukikatika usiku, wenzangu wanakaa nje kwenye mkeka kupiga soga, mimi naenda kulala, kwa sababu gizani sioni midomo ya mtu. Na barakoa zilipoingia mwaka 2020 ndipo nilipoelewa ni kiasi gani nilikuwa nasikia kwa macho. Niliingia duka la dawa, binti aliyekuwa kaunta akaongea nami nyuma ya kile kitambaa, nikatoka bila dawa.

Sasa, watu wengi wanadhani mwanamke anakataa mashine za masikio kwa ajili ya kuonekana mzee. Mimi navaa ushungi. Ningevaa mashine nne, nani angeziona? Sababu yangu ilikuwa nyingine, na nadhani wajane wenzangu wataielewa upesi. Tangu mume wangu afariki, shemeji yangu mmoja alikuwa anauliza kwa upole, kila akija, kama hesabu za mashine hazinichoshi. "Shemeji, wewe pumzika sasa, tupo." Nilijua siku nikirudi nyumbani na cheti cha hospitali kinachosema masikio yangu yana kasoro, upole huo utageuka kikao cha ukoo. Mtu anayekisia kwamba husikii ni tofauti na mtu mwenye karatasi. Kwa hiyo mwanangu wa kwanza aliposema twende ukapimwe, nilisema ni nta imeziba, itatoka. Akaninunulia mtandaoni kile kifaa cha bei nafuu cha kukuza sauti. Kile kinakuza kila kitu kwa pamoja. Sauti nzito, ambazo nilikuwa nazisikia vizuri tangu zamani, zikawa ngurumo, na maneno yakabaki pale pale. Nikakiweka kabatini nikasema basi, hivi vitu havifai.

Kilichonibadilisha ni binti yangu wa pili. Ameolewa, anaishi mtaa wa tatu kutoka kwangu. Mimba yake iliharibika. Alikwenda hospitali, alilala huko, akarudi, akakaa kwake akilia, na mimi mama yake nilikuwa napita kumjulia hali nikiambiwa ana malaria. Aliyejua ni shangazi yake. Nilikuja kupata habari kwa bahati, wiki kadhaa baadaye, kwa kuona karatasi ya kliniki.

Nilimuuliza, na sikumuuliza kwa hasira. Akaniandikia kwenye simu tukiwa tumekaa pamoja, bega kwa bega: "Mama, ningekuambiaje? Kukuambia wewe ni kuwatangazia wapangaji wote."

Nimelifikiria sana jibu lile, na ndilo hasa lililonifanya niandike haya. Nyumba zetu tunazijua. Vyumba vimepakana, ukuta hauendi hadi juu, uani kuna mtu anafua na mwingine anachambua mchele. Mtu anayepaza sauti anaweza kukuambia chakula tayari, simu inaita, mgeni amefika. Hawezi kukuambia kwamba ameumizwa, kwamba anadaiwa, kwamba anamwogopa mumewe. Mambo hayo husemwa kwa sauti ya chini au hayasemwi. Nikaanza kuhesabu nyuma ni nani mara ya mwisho aliniambia jambo la moyoni, nikakosa. Walikuwa wananipenda, wananihudumia, wananipigia kelele kwa heshima zote. Lakini mazungumzo yalikuwa yamepunguzwa hadi yakabaki amri na taarifa. Jambo hili madaktari hawalisemi sana, wanazungumzia sauti. Mimi nilichopoteza ni kuaminiwa mambo ya watu.

Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam na mwanangu.

Kwanza daktari alichungulia masikio kwa taa. Hakuna nta. Kisha nikaingizwa kwenye kijichumba chenye kuta nene, nikavalishwa hedifoni, nikapewa kitufe: ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo vipi, bonyeza. Mle ndani ni kimya hata unasikia tumbo lako. Unakaa, unangoja, mara nyingine huna hakika kama mlio umetoka kwenye hedifoni au ni ule wa kichwani mwako. Jasho lilinitoka. Mtu hataki kufeli mtihani hata kama mtihani wenyewe hauna kufeli.

Majibu ni mchoro, unaitwa audiogramu. Miduara myekundu ni sikio la kulia, alama za x za buluu ni la kushoto. Ukienda kutoka kushoto kwenda kulia, sauti zinatoka nzito kwenda nyembamba. Alama zangu zilianza juu, pazuri kabisa, zikafika kwenye hezi 2,000 (hezi ndicho kipimo cha wembamba wa sauti) zikaanza kuteremka, kwenye 4,000 zikazama. Dada aliyenipima akauliza kabla sijasema chochote: "Mama, umefanya kazi kiwandani?" Alikuwa ameisoma mashine yangu kwenye karatasi.

Alinieleza kwa utulivu, akinitazama usoni, na namshukuru kwa hilo. Ndani kabisa ya sikio kuna mrija uliojikunja kama konokono, na humo mna chembe zenye vijinywele vinavyotikisika sauti ikiingia. Za karibu na mlango ndizo zinazopokea sauti nyembamba, na kelele ya miaka huanza kuua upande huo. Zikifa hazioti tena. Irabu, a e i o u, ni sauti nzito, bado ninazo. Konsonanti kama s, t, f, k na sh ziko kule juu zilikokufa. Ndiyo maana nilisikia watu wanaongea nisijue wanasema nini. Ndiyo maana sita ikawa tisa. Na ndiyo maana kunipigia kelele hakukusaidia: mtu akipaza sauti anazikuza irabu, konsonanti zinabaki nyuma.

Bei ya mashine mbili za masikio ingetosha kununua mikanda mipya, kubadilisha chekeche, na chenji ikabaki. Nililipa kwa awamu, kabla ya kuanza safari nyingine ya kwenda kuchukua. Walichukua kipimo cha matundu ya masikio kwa kusukumia ndani kitu laini cha baridi kinachoganda, wakatengeneza kiungo kinachokaa sikioni mwangu tu, hakimfai mtu mwingine. Kifaa chenyewe kinakaa nyuma ya sikio. Kinaunganishwa na kompyuta na kupangwa kufuata mchoro wako, pale ulipozama kinaongeza, pale unaposikia kinaacha. Hapo ndipo kinapotofautiana na kile cha kabatini.

Siku za kwanza ni ngumu, na sitaki mtu yeyote adanganywe. Mfuko wa plastiki ukikunjwa ni kero. Kandambili za mtu anayepita. Mafuta kwenye kikaango. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mgeni, nikawa naongea kidogo ili nisiisikie. Nilitaka kuzirudisha. Yule dada alikuwa ameshaniambia kwamba ubongo umezoea ukimya wa upande ule kwa miaka, unahitaji muda kujifunza upya kipi cha kusikiliza na kipi cha kuacha kipite; vaa kila siku, anza nyumbani pasipo na watu wengi, usizivue kwa hasira. Nilirudi zikapunguzwa kidogo, zikaja kuongezwa baadaye. Kandambili siku hizi sizisikii tena, yaani nazisikia lakini haziniumi.

Kuna mambo ya kila siku ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Betri zangu ni zile ndogo za kibandiko cha rangi ya machungwa, namba 13. Ukibandua kile kibandiko iache kwanza kama dakika moja ipate hewa ndipo uiweke, itadumu zaidi. Joto letu la Kilombero na jasho ni maadui. Usiku nazilaza kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya. Ushungi wa kitambaa kizito ukibana kifaa, kinapiga mluzi, kwa hiyo nimehamia kwenye vitambaa vyepesi na nauacha ulegee pembeni. Mjukuu akinikumbatia kwa nguvu kinapiga mluzi pia, yeye anaona nimemwimbia. Kwa udhu nazivua, nachukua udhu, napaka maji masikio, nakausha vizuri, navaa. Mara ya kwanza nilidhani hilo litanishinda kwa sala tano, sasa mikono inafanya yenyewe.

Kwenye harusi penye spika kubwa bado sipati kitu. Masikio niliyozaliwa nayo hayakurudi na hayatarudi. Lakini sita sasa ni sita.

Shemeji? Alikuja, akaziona, maana siku hiyo nilikuwa nimejifunga mtandio nyuma ya shingo makusudi. Akaanza, "Shemeji, kumbe hali imefika huku." Nikafungua daftari nikamsomea magunia ya mwezi mzima, yaliyoingia, yaliyotoka, wanaodaiwa, na yeye mwenyewe akiwa mmojawapo. Aliongea kwa sauti yake ya kawaida, ya kunong'ona nusu, na nilimjibu kila neno. Sijasikia tena habari ya kupumzika.

Binti yangu sasa ananipigia simu. Aliyoniambia tangu wakati huo hayaandikwi hapa.

Pale mashineni nilimwomba mwanangu apime kelele kwa programu ya simu, karibu na hopa. Ikaonyesha desibeli 97. Najua simu si kipimo cha kitaalamu, lakini hata ikikosea kidogo hesabu inatisha: kiwango kinachokubalika kwa kazi ya saa nane ni 85, na kila zikiongezeka tatu, muda salama unakatika nusu. 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Kwa 97 ni nusu saa. Vijana wangu wanasimama pale siku nzima.

Nimenunua vifunika masikio vikubwa, vile wanavyovaa watu wa viwandani, jozi moja kwa kila kijana, na moja yangu; nikiingia mashineni nazivua mashine zangu za masikio naziweka kwenye kopo, navaa hivyo vifunika. Kiti nimekisogeza hadi mlangoni na hopa naiona kwa dirisha nililotoboa ukutani. Vijana wawili wamekubali. Wa tatu anasema vinamtoa jasho na kwamba wateja watamcheka. Ana miaka ishirini na mbili na jioni anaongeza sauti ya redio kuliko alivyokuwa akifanya mwaka jana. Nimemwambia asiyevaa haruhusiwi kugusa hopa, atabeba magunia nje kwa malipo ya kubeba magunia. Jana alibeba magunia. Leo amekuja mapema, amekaa, anavitazama vimening'inia ukutani, na mpunga wa watu wa Mlimba umeshashushwa.