Shavu la mguu ambalo halikupimwa

Amri ya jaji ya uchunguzi wa mwili wa mdai ilitaja jina la daktari, siku, saa, mahali na vipimo, kimoja kimoja, kama sheria ya California inavyotaka. Upande wa mdaiwa ulikuwa umeshatumia nafasi yake ya kumpima mdai mara moja bila amri, kwa daktari wa mifupa. Sasa ulitaka daktari wa mishipa ya fahamu, na hapo ni lazima jaji aamuru. Mdai alikuwa mzee Mkongomani wa San Diego. Gari lake liligongwa kwa nyuma, na tangu hapo maumivu yalimshuka kutoka kiunoni hadi unyayo wa kushoto. Wakili wake alinituma niwe mwangalizi, jambo ambalo sheria inaliruhusu katika uchunguzi wa mwili: unaingia na kinasa sauti, unaandika, huingilii.

Mapokezini walimpa fomu ndefu iliyouliza ajali ilitokeaje na nani mwenye makosa.

"Mama, nijaze?"

"Hapana, baba. Haimo kwenye amri."

Fomu za namna hii ni hatari. Jibu la haraka la pale mapokezini huja kusomwa mahakamani kama ushahidi.

Daktari aligonga magoti na visigino kwa nyundo ya mpira. Kifundo cha kushoto hakikushtuka. Akachomachoma ngozi kwa pini. Akamlaza chali, akauinua mguu ulionyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, huenda mzizi wa neva umebanwa. Baadaye akamketisha, akanyoosha goti lile lile kana kwamba anatazama unyayo tu. Ni kipimo halali, na kizuri: asiyeumwa kweli hujisahau hapo. Mzee aliuma meno, akaegemea nyuma akishika kingo za kitanda.

Kisha msaidizi akasukuma ndani mashine ya sindano za kupima umeme wa misuli. Haikutajwa. Daktari akianza kipimo kisichoidhinishwa, mwangalizi anaweza kusimamisha uchunguzi ili wakili arudi kwa jaji. Niliwaonyesha ukurasa wa amri, mashine ikarudishwa.

Wakili aliidai ripoti kwa maandishi. Kuidai kuna bei yake, maana mdai hupoteza kinga ya usiri juu ya ripoti za wengine waliompima tatizo hilo hilo, lakini bila ripoti unaingia mahakamani ukipapasa gizani. Ripoti ya daktari huyo iliandika kwamba mashavu ya miguu yote miwili yana mzingo wa sentimita 36. Hilo lilikuwa zito: misuli isiyopata neva hunyauka, kwa hiyo vipimo vikilingana, dai la neva linadhoofika.

Kwenye daftari langu hapakuwa na utepe wa kupimia. Palikuwa na mstari mmoja: "ameshika mashavu ya miguu kwa mikono." Daktari alipohojiwa chini ya kiapo kabla ya kesi, wakili alimtaka aonyeshe kwenye rekodi ya sauti ni wapi alipopima. Akakiri kwamba alikadiria. Daktari anayemtibu mzee alikuwa ametumia utepe, sentimita 10 chini ya kifuniko cha goti, na shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limepungua kwa sentimita 2.