Zilizochezwa sana hazina bei

Santuri zangu nilizihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nikapata 1,131, ya pili 1,126. Nikachoka, nikaandika 1,126 ukutani kwa chaki. Mke wangu akapita, akasoma, akasema, "Baba watoto, na bei yake iandike basi."

Tunahama Temeke kwenda Chanika. Nyumba ya kule ni yetu, lakini ni ndogo, na LP, zile santuri kubwa, mia moja tu zina kilo ishirini na ushei. Mwenye kirikuu alipokuja kukagua mizigo alijaribu kunyanyua boksi moja, akalitua, akaniuliza kama ndani kuna vigae.

Nyingi nilizinunua kati ya 1979 na 1992. Nilikuwa karani bandarini, na Jumamosi napiga disko kwenye harusi: mashine mbili za sahani, amplifaya, na maspika niliyochongewa na seremala wa Keko. Mabaharia walikuwa wananiletea za Ulaya, nami nawapa za wanamuziki wa Kongo, Franco na Tabu Ley, au namlipa mtu ukija mwisho wa mwezi. Nyingine zilikuja na ndugu kutoka Nairobi.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa dalali wa Kariakoo anayeuza redio za zamani. Aliingia, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, nikamwonyesha. Hakutoa hata sahani moja kwenye jalada. Alipapasa ubavu wa kabati. "Hili ni mninga?" Nikasema ni mninga. Akatoa shilingi 300,000 kwa vyote, kabati na vilivyomo. Nikamwambia arudi siku nyingine, yaani asirudi.

Wa pili ni kijana wa Sinza, anawauzia watu wa nje kwa intaneti. Huyu anaijua kazi. Alikuja na tochi na kitambaa laini, akaketi sakafuni, akawa anaitoa sahani kwa kushika ukingo tu, anailaza mbele ya tochi na kuigeuza polepole. Mikwaruzo yote inajitokeza kama mistari ya mkononi. Halafu anapiga picha ya zile namba zilizochongwa kwenye duara tupu kando ya lebo. Namba zile ndizo humwambia mteja ni toleo gani. Miaka yote hii nilikuwa naziona, sijawahi kuzisoma.

Aliulizia Sikinde kwanza, yaani bendi ya Mlimani Park. Kila kijana anaulizia Sikinde. Nikamweleza: Mlimani Park ilianza 1978, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, haukufunguliwa hadi 1983. Viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa Nairobi. Huku kwetu bendi zilikuwa zinaingia studio ya Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, zinarekodiwa kwenye tepu, basi. Wimbo unaimbwa mji mzima na dukani hamna sahani yake. Mimi mwenyewe Sikinde ninazo za kanda, nilizonasa redioni huku nimewafukuza watoto chumbani wasipige kelele.

Nikamtolea za Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa. Hizo niliziweka juu kabisa, nikiamini ndiyo dhahabu yangu. Akamulika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akazirudisha kwa adabu. "Mzee, hizi zimelimwa."

Kweli zimelimwa. Zimepigwa Mtoni, Chang'ombe, Mbagala, juu ya meza ya kukodi inayotikisika watu wakicheza, kwa sindano ambayo ilipaswa kubadilishwa mwaka mmoja kabla. Nyingine nilikuwa naweka sarafu juu ya mkono wa mashine ili usiruke. Mbaraka alipofariki Januari 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa, watu walitaka kumsikia kuliko walivyotaka akiwa hai, na mimi niliwapigia.

Alichochukua yule kijana ni zile ambazo nikiziweka watu wanarudi kukaa. Kuna sahani ndogo ya bendi moja ya Kenya niliyoipiga mara mbili tu maisha yangu yote. Mara ya pili bibi harusi mwenyewe alinitumia mtu nibadilishe. Inang'aa kama imetoka dukani jana. Kwa hiyo moja alinipa elfu sitini. Nilimtazama usoni nione kama ananitania.

Jumla alichukua 214 kwa shilingi 3,400,000. Tulivutana kutwa nzima, na nakiri aliniongeza zaidi kwa uzee wangu kuliko kwa hoja zangu. Alinifundisha pia kwamba santuri ya kusafirishwa kwa posta hutolewa nje ya jalada lake, vyote viwili vinafungwa sambamba, maana ikibaki ndani inapasua mshono wa jalada njiani.

Hasara moja niliitia mwenyewe, kwa kumwachia mpwa wangu kazi ya kuosha. Za plastiki zinaoshwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa kinafuata mzunguko. Nilimwambia hivyo, nikaenda msikitini. Kumbe kwenye boksi kulikuwa na mbili za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, alizoniachia baba. Zile zimetengenezwa kwa lakiri, si plastiki, na spiriti huila lakiri. Mtoto aliona zina ukungu mgumu, akachukua spiriti. Niliporudi alinipokea mlangoni, "Mjomba, zinatoa rangi." Sikumpiga wala sikumgombeza. Nilikaa nje mpaka isha.

Juzi kaja mama mmoja mwenye mgahawa Mbezi, anataka za kupamba ukutani. Arobaini, elfu mbili mbili, na zilizokwaruzika hazimsumbui. Sikuzote hizi nimekuwa nikihangaika na mikwaruzo, kumbe kuna mteja wa kutazama tu. Aliokota Mbaraka watatu kwa sababu ya rangi ya lebo. Nikawatoa mkononi mwake taratibu, nikamwekea Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani, ambaye ninaye wa ziada. Hakuona tofauti, na Jim Reeves lebo yake ni nzuri pia.

Zimebaki 870. Kirikuu kinakuja Jumamosi saa moja asubuhi. Mke wangu amefuta ile namba ukutani na kitambaa cha maji, anasema mpangaji mpya atadhani ni deni. Na dalali wa Kariakoo amepiga simu jana: kabati tupu, bila sahani hata moja, anatoa 350,000.