Mwite fundi

Jamani bado nipo. Najua nilisema niliyoandika mwezi wa saba ndo ya mwisho kuhusu Injinia, mwanaume wangu aliyeniacha, na mi mwenyewe niliamini, ila kuna kitu kimeninasa kooni kama mwiba wa samaki, na leo Jumapili usiku umeme upo, bando lipo, upepo huu wetu wa Dodoma wa mwezi wa tisa unapiga mabati utadhani kuna mtu anatembea juu, usingizi ndo hakuna. Acha niandike tu.

Wiki tatu zilizopita alikuja kuchukua vitu vyake. Alikuja na bajaji. Begi, buti za saiti, ile pimamaji yake ya njano ambayo hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuigusa, na sufuria moja ambayo mpaka leo sielewi kaichukua ya nini maana ni ya kwangu, nilinunua Majengo kabla hata sijamjua. Nilimwacha aichukue. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia uwanja ambao alishaufagia asubuhi. Mi nimesimama mlangoni na kanga kifuani, sijui niseme nini, nimejiandaa siku nne na maneno yangu yote nimeyapanga, na yeye ameshaweka mguu mmoja ndani ya bajaji ndo akageuka.

"Ile koki ya tenki bado inavuja."
"Eeh."
"Mwite fundi."
"Sawa."
"Usiiache mpaka ikaharibu ukuta."
"Sawa, nimesikia."

Dereva akasema bosi twende nina abiria ananisubiri Nanenane. Wakaenda. Imeisha hivyo, miaka minne.

Sasa mi nimekaa na haya maneno wiki tatu nayageuza kama chapati. Mwanzoni nilijiambia aah, huyu mtu bado anajali, mtu asiyejali angekumbuka koki? Nikalala vizuri siku mbili. Halafu siku ya tatu niko kwenye daladala naenda Mtumba, nimebanwa dirishani, ikanijia kama nimemwagiwa maji: mwite fundi. Huyu mwanaume miaka minne hajawahi kuniambia mwite fundi. Kitasa kikiharibika, "nitakuja niangalie." Soketi ikiungua, "usiguse, nakuja Jumamosi." Fundi kuingia kwangu ilikuwa kama tusi kwake, anasema mafundi wa mji huu wanafanya kazi kwa kukisia. Sasa leo mwite fundi! Yani kumbe pale ndo aliniacha. Siyo ile siku ya mwezi wa saba pale Chako ni Chako na kuku wetu anapoa mezani, pale alinieleza tu. Kuniacha aliniacha mlangoni, na mi nikajibu sawa.

Mama Happy wa masjala, mnamjua, nikamsimulia. Akasema "mdogo wangu, mwanaume akikwambia koki inavuja maana yake koki inavuja." Akaendelea kupanga mafaili yake.

Labda. Lakini yeye halali na ile koki. Mi ndo nalala nayo. Kwetu huku maji ni ya mgao, yanakuja usiku wa manane, nayasikia yanavyopanda kwenye bomba yanakohoa kwanza, halafu tenki linaanza kujaa, halafu likishapata uzito ndo koki inaanza tone, tone, tone. Nimeweka beseni. Asubuhi naenda kuangalia, na si mnajua haya maji yetu ya chumvi, pale kwenye maungio pameota ukoko mweupe kama magadi, ukiukwangua kwa kucha unatoka vipande. Kila asubuhi kabla ya mswaki nakwangua kidogo. Sijui kwa nini. Maji ya kwenye beseni namwagia mchicha, na mchicha niwaambie ukweli umestawi kuliko mimi.

Kumwita fundi nikagoma. Nilijua ni ujinga. Nilikuwa naona nikimwita basi nimekubali, nimetekeleza agizo lake la mwisho kama mtumishi mwema, na mkuu wa mradi akikagua ataweka tiki.

Wiki hii kwa wanaouliza, Jumatano barua yangu ya kupanda daraja kazini ilitoka, na Rehema kajifungua salama mtoto wa kiume kilo tatu na pointi mbili, asanteni kwa simu zenu zote.

Turudi kwenye koki. Alhamisi usiku maji yalikuja kwa nguvu kuliko kawaida, tone ikawa mchirizi, mchirizi ukafika ukutani, rangi ikaanza kuvimba, na mama mwenye nyumba akagonga saa kumi na moja alfajiri, hata hodi hakupiga vizuri. Jumamosi nikamwita fundi. Kijana mdogo kabisa, ndala, spana moja na kipande cha msumeno kwenye mfuko wa rambo. Akafungua, akachungulia, akafuta kwa kidole, akachungulia tena. Akaniuliza:

"Dada, hii alifunga nani?"
"Injinia."

Akanyamaza. Akageuza koki huku na huku.

"Injinia wa nini?"
"Wa barabara."
"Ahaa."

Hiyo ahaa jamani. Sijawahi kusikia ahaa imebeba mzigo mkubwa hivyo. Akanionyesha, ile tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye meno ya bomba ilizungushwa kinyume. Unatakiwa uizungushe kufuata upande unaokazia, ukizungusha kinyume basi kila ukikaza tepu inajivua yenyewe, inajikunja pembeni, maji yanapata njia. Anasema ilikuwa inavuja tangu siku ya kwanza ilivyofungwa, ila polepole, ndo maana hamkuona. Koki mpya elfu nane, ufundi elfu tano, tepu akasema nakupa bure dada, kwa sababu umenichekesha.

Nilicheka. Nilikaa kwenye kingo ya ule msingi wa tenki nikacheka mpaka mama mwenye nyumba akatoka kuangalia. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akipita kwenye nyumba za watu anatikisa kichwa kwamba nguzo imepinda! Mtu aliyefanya kazi kwenye barabara ya mzunguko, kilomita 112 za lami kuzunguka jiji, ananieleza mteremko wa maji ya mvua nikiwa nakula mishikaki! Tepu kinyume!

Na kwenye kile kicheko ndo hasira ikaingia, sijui ilipitia wapi. Maana nilikumbuka lile neno lake la kila nikimuuliza ndoa, "najipanga." Baba aliniuliza mwaka wa kwanza washenga lini, nikamwambia anajipanga. Mwaka wa pili mama akauliza kwa kuzungukazunguka, nikasema anajipanga. Mwaka wa tatu wakaacha kuuliza, na hiyo ndo iliuma zaidi. Babu yangu pale Kongwa alikuwa anatusimulia Waingereza walivyokuja na matrekta yao mwaka 1947 kulima karanga, nchi nzima watafyeka, mafuta yatajaa meli. Wazee wakawaambia ardhi hii jua likipiga inakauka inakuwa saruji. Hawakusikia. Mwaka 1951 wakakunja virago, na inasemwa mbegu walizonunua zilikuwa nyingi kuliko karanga walizovuna. Miaka minne hiyo hesabuni wenyewe. Nilikuwa nacheka hiyo hadithi utotoni, kumbe na mi nilikuwa nasubiri trekta langu.

Lakini niseme kweli, nilitaka kumwambia. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia habari ya tepu ni yeye. Nilimsimulia Mama Happy kwa simu akasema "eeh, pole," kwa sababu ili ucheke lazima umjue yule mtu, umwone alivyokuwa anashika ile koki siku ile amekunja sura kama anafanya upasuaji, mimi nimemshikia tochi ya simu mchana kweupe kwa sababu kaniambia nishike. Namba niliifuta ila vidole vinaijua. Nikaandika yote, mpaka na ahaa. Nikafuta. Nikaandika tena fupi: koki imepona. Hiyo nayo nikafuta.

Simu ikaita nikiwa bado nimeishika, moyo ukaruka mpaka hapa, kumbe ni mama.

Baba jicho limemrudia tena. Hakutaka niambiwe. Wa kwetu Kongwa mnavijua vikope, ule ugonjwa wa macho, bibi alikuwa navyo, shangazi pia, na baba kope zake za jicho la kulia zimeanza kugeukia ndani, kila akipepesa zinakwaruza mboni. Mama anasema kila asubuhi anatoka nje jua likipanda, anaegemeza kile kioo chake cha kunyolea kwenye redio, ananyofoa moja moja kwa kibanio. Nimemwambia mama mara ngapi, zikinyofolewa zinaota tena fupi na ngumu, zinachoma zaidi ya mwanzo. Upasuaji wenyewe ni mdogo, ganzi kwenye kope, siku hiyo hiyo unarudi nyumbani. Baba anasema mpaka auze mbuzi. Nikamwambia mama hela ipo, daraja limepanda, aje tu. Akasema "nitamwambia," kwa ile sauti yake.

Leo nimempigia mwenyewe. Shikamoo, marahaba, habari za kazi, anaulizia mvua kama vile mvua huku inanyesha mwezi wa tisa. Nikamuuliza jicho. Akasema halina neno. Nikamuuliza, baba, ukifumba la kushoto unaiona minara ya simu pale mlimani?

Akasema upepo leo una vumbi sana.