Vifungo vya shati la kulalia

Jana usiku nimeitazama tena The Best Years of Our Lives, filamu ya mwaka 1946, na kwa mara nyingine nimesimamisha picha palepale. Homer, baharia aliyerudi vitani bila mikono, anampeleka Wilma, mchumba wake, chumbani akaone mwenyewe usiku wake ulivyo. Anavua mikono bandia yenye kulabu, anaiacha kitandani, anajipenyeza kwenye shati la kulalia. Kisha anaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kuanzia hapo hana ujanja. Vifungo hawezi kuvifunga, na mlango ukijifunga hawezi kutoka. Wilma anasogea, anamfunga vifungo.

Aliyeigiza Homer ni Harold Russell, na uigizaji haukuwa kazi yake. Alikuwa askari aliyepoteza mikono yote miwili mwaka 1944, baruti zilipomlipukia mafunzoni. Mwongozaji William Wyler alimwona kwenye filamu ya jeshi, akamwita. Mwaka 1947 Russell alitunukiwa Oscar mbili kwa uhusika huohuo mmoja.

Mama yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Kila usiku mimi ndiye ninayemfunga vifungo, naye hutazama ukutani mpaka nimalize. Hatusemi kitu. Kwa hiyo mimi kwenye filamu ile huangalia macho ya Russell. Hayaendi ukutani. Anamtazama yule binti usoni, kama mtu anayesema: ukiona yamekushinda, sema sasa hivi. Haombi huruma hata chembe, na hapo ndipo koo hunikaba.

Zamani nilipenda zaidi uigizaji wa kuugeuza mwili. Daniel Day-Lewis alipomwigiza Christy Brown, mchoraji na mwandishi wa Ireland mwenye mtindio wa ubongo, aliyechora na kuandika kwa mguu wa kushoto, kwenye My Left Foot ya mwaka 1989, alikaa kwenye kiti cha magurudumu hata kamera zikiwa zimezimwa, watu wakamlisha kwa kijiko. Nilistaajabia mguu ule, shingo ile. Sasa ninachokikumbuka ni hasira yake mgahawani, pale mwanamke anayempenda anaposema anaolewa na mwingine. Wivu mtupu, wa mwanamume yeyote. Mguu ulishasahaulika.

Hata hivyo naamini wenye ulemavu wenyewe waitwe kwanza kuigiza. Marlee Matlin, ambaye ni kiziwi, alishinda Oscar mwaka 1987 akiwa na miaka 21. Kiziwi wa pili kuipata ni Troy Kotsur, mwaka 2022. Miaka 35 katikati! Siamini kwamba muda wote huo vipaji havikuwepo. Na filamu iliyompa Kotsur tuzo ni CODA, ambamo Matlin huyohuyo ndiye mke wake.

Kwenye CODA kuna baba anayemwomba binti yake amwimbie. Hasikii, kwa hiyo anamwekea mikono shingoni, apate mtetemo wa sauti kwa vidole. Uso wa Kotsur pale unatafuta, unakosa, unatafuta tena. Siku ya tuzo nako kulitokea jambo dogo nililolipenda sana: Youn Yuh-jung, mwigizaji wa Korea Kusini aliyemkabidhi, aliichukua tena ile sanamu akamshikia, maana Kotsur alihitaji mikono yote miwili ili aongee kwa lugha ya alama. Alisimama pembeni, akamtazama akiongea.

Filamu ilipoisha jana nikaenda kumlaza Mama. Nilifunga kifungo cha kwanza, cha pili, nikasita. Nikamuuliza, "Mama, nimalizie au utamalizia mwenyewe?"

Akageuka kutoka ukutani, akanitazama. "Niachie hicho cha juu."

Mkono wa kushoto ulikipoteza kifungo mara tatu. Nilikaa kitandani karibu naye, nikasubiri.