Sauerkraut ya Mwaka Mpya kule Pennsylvania

Kwa Wamarekani wa Pennsylvania wenye asili ya Ujerumani, mezani tarehe 1 Januari ni nyama ya nguruwe na sauerkraut, yaani kabichi iliyochachuka. Anayetaka ya kujitengenezea aanze katikati ya Novemba, maana inataka wiki 4 hadi 6.

Kata kabichi nyembamba kama ya kachumbari. Kilo 1 kwa chumvi gramu 20, kwa mizani. Jamani, msikadirie kwa kijiko! Chumvi ikipungua kabichi inalegea na kuoza. Ikizidi, haichachuki vizuri. Ifikiche mpaka itoe maji yake, ishindilie mtungini, ikandamize kwa uzito safi. Kila kipande kizame: kinachoelea ndicho kinachoota ukungu. Kifuniko kisikazwe, gesi ipate kutoka.