Yule "kaka yake" anayetokea ukianza kuuliza

Kinachoniuma kwenye akaunti feki siyo picha ya kuiba wala jina la uongo, ni yule mtu wa pili anayetokea ukianza kuuliza maswali. Kaka yake, binamu yake, baba yake.

Tulikuwa na dada mmoja kwenye grupu letu la Facebook, yuko Muscat, Oman, anafanya kazi za ndani, bosi kamchukulia pasipoti, na jamani tulimpenda, mimi nilikuwa nikiamka alfajiri kitu cha kwanza naangalia kama ameandika. Voisi hatumi, maiki ya simu mbovu. Vidio koli haiwezekani, bosi kafunga kamera mpaka jikoni. Siku mwenzetu mmoja alipombana kidogo tu akanyamaza siku mbili, halafu akaja kaka yake na akaunti mpya kabisa: "mnataka dada angu afe ndo mridhike,,"

Ile mikato miwili mwishoni. Yule dada naye alikuwa anaweka mikato miwili hivyohivyo kila akimaliza sentensi. Niliiona, nikaiangalia weee, na bado nikaandika "tusamehe kaka".

Baadaye ndo nikaja kusoma habari ya Amina Arraf wa Damascus, 2011, nikahisi kama nasoma grupu letu. Msichana nusu Msyria nusu Mmarekani, anapenda wanawake, anaandika blogu ya kumpinga Assad, rais wa Syria enzi hizo, wakati maandamano yamepamba moto. Ana mpenzi wa mtandaoni kule Montreal, wameandikiana imeili kibao na sauti yake hajawahi kuisikia. Tarehe 6 Juni "binamu yake" akaandika kwamba Amina katekwa na watu wenye silaha, basi watu maelfu wakaanza kudai aachiwe, mpaka ubalozi wa Marekani ukawa unamtafuta. Zile picha zikaja kuonekana ni za mwanamke mwingine anaishi zake London, hata hamjui Amina. Waandishi wakafuata anwani za intaneti zikawapeleka Edinburgh, na tarehe 12 Juni Tom MacMaster, mwanaume wa Kimarekani wa miaka 40 anayesoma chuo huko, akakiri baada ya kuwakana waandishi. Binamu naye ni yeye.

Na kwenye kukiri kwenyewe bado alijitetea, eti msimulizi ni wa kutunga ila yanayosemwa kuhusu Syria ni kweli, na haamini kama kamuumiza mtu. Wakati kuna Wasyria wa kweli, nao wanapenda jinsia yao, waliojiweka hatarini kwa kuulizia Amina alipo.

Haijaisha. Amina alikuwa anaandika pia kwenye tovuti ya habari za wasagaji ya Marekani, mhariri wake mwanamke anaitwa Paula Brooks. Waandishi wakitaka kuongea na Paula wanaambiwa ni kiziwi, ongeeni na baba yake. Siku moja tu baada ya MacMaster kukiri, "baba" akakubali kwamba Paula ni yeye, mzee wa miaka 58 wa Ohio. Yani kachukua uziwi, kitu ambacho watu wanaishi nacho kweli, kafanya mlango wa kujifungia, maana nani atambishia kiziwi? Huyo mtu amepiga hesabu ya huruma yako mapema kabisa, ukiuliza unakuwa katili.

Na dada zetu walionyang'anywa pasipoti Uarabuni wapo, hiyo siyo hadithi.

Mwezi uliopita kaja mwingine kwenye grupu, anasema yuko Salalah, Oman hukohuko, na anataka kurudi nyumbani. Watu wakamjazia emoji za kucheka, "kaka yako yuko wapi?" Nikamfuata inboksi nikamuuliza kwao wapi, akasema Muheza, nikamwomba voisi. Ilikuja saa tano usiku, sekunde 9, ananong'ona "dada mi niko chooni siwezi kuongea sana", na nyuma kuna mtoto analia na mtu anagonga mlango.